Tangawizi Maua: Kichwa Chekundu Ambacho Si Ua

Ukipita kwenye vitalu vya barabarani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Dar es Salaam, huenda umeiona: majani marefu ya kijani kilichokolea, yamepangana kulia na kushoto kama ngazi, na kileleni kichwa chekundu kilichosimama wima. Wauzaji huiita tangawizi maua, wengine tangawizi nyekundu, wengine jinja tu. Jina lake la kitaalamu ni Alpinia purpurata. Kwao hasa ni visiwa vya Melanesia, Papua New Guinea na visiwa vya Solomon hadi Vanuatu na New Caledonia. Huko Samoa huitwa teuila, na ndilo ua la taifa.

Mara ya kwanza kuipanda, niliiua. Muuzaji mmoja alinikatia vijiti vitatu kutoka kwenye kichaka chake, kila kimoja na majani yake, akaniambia, "Chomeka tu, kaka, inashika kama muhogo." Nikachomeka. Wiki ya kwanza majani yalibaki kijani nikafurahi. Wiki ya pili yakaanza kujikunja. Wiki ya tatu nilivuta kijiti kimoja kikatoka chote bila upinzani, hakina hata uzi mmoja wa mzizi, na sehemu iliyokuwa chini imelainika na inanuka. Nikalaumu udongo wangu. Nikaongeza samadi, nikajaribu tena, vikaoza tena.

Udongo haukuwa na kosa. Mimi ndiye sikuujua mwili wa mmea wenyewe. Karibu kila sehemu ya tangawizi maua tunaiita kwa jina lisilo lake. Tunachokiita shina si shina hasa, tunachokiita mzizi si mzizi, na kile chekundu tunachokiita ua si ua. Ukishazijua sehemu hizi zilivyo, maswali mengi ya kuikuza yanajijibu: nipande nini, nikate wapi, kwa nini imekataa kuchanua.

Anza na shina. Chukua moja lililokwisha kutoa kichwa, likate katikati kwa kisu kikali, uangalie mkato wake. Utaona duara ndani ya duara, kama mgomba uliokatwa kwa panga. Bandua tabaka la nje kwa ukucha na ulifuate kwenda juu. Halikomi mpaka likufikishe kwenye jani. Menya la pili, nalo litakupeleka kwenye jani jingine, upande wa pili. Kumbe unene wote ule ni ala za majani, moja imeikumbatia nyingine, na katikati umepita mhimili mwembamba unaokibeba kichwa kwenda juu. Mfanano huu na mgomba si wa bahati. Wataalamu wa mimea wameziweka familia nane katika oda moja, Zingiberales, na humo mgomba ni jamaa wa tangawizi, iliki, manjano, helikonia na yale maua ya kana yanayopandwa mbele ya ofisi za serikali.

Sasa kulinganisha na muhogo kunaanguka. Kijiti cha muhogo kina jicho kila pingili, na kila jicho linaweza kuchipua. Bua la tangawizi maua, sehemu ile ya juu ya ardhi, ni majani yaliyoviringana. Macho ya kuchipua yako chini. Kuchomeka bua lile ni sawa na kukata kipande cha katikati ya mgomba ukakisimika shambani ukingoja mkungu.

Chini ndiko kwenye tunguu, na hapa ndipo tunapokosea jina kwa mara ya pili, kwa sababu tunguu huitwa mzizi hata na watu wanaoila kila siku. Fukua tangawizi ya jikoni uitazame vizuri. Ina mistari inayoizunguka, alama za mahali palipokuwa na magamba, na ina macho. Mzizi hauna macho. Tunguu ni shina lililochagua kutambaa badala ya kusimama, na mizizi ya kweli ni ile nyuzi minene inayotoka ubavuni mwake. Kila jicho likipata joto na unyevu hugeuka kwenda juu, likawa bua jipya, na chini ya bua hilo macho mengine huanza kujiandaa. Ndiyo maana kichaka hutanuka kila mwaka huku pale katikati, kwenye tunguu kuukuu, pakibaki na upara.

Kwa hiyo unachopanda ni kipande cha tunguu chenye macho mawili au matatu. Kilicho bora zaidi ni kipande chenye bua lake moja na mizizi yake, ulipunguze bua mpaka libaki kama sm 20 ili mmea usipoteze maji kupitia majani kabla mizizi haijashika. Kilaze, usikisimamishe. Kifunike kwa udongo kama sm 5 tu. Watu wengi huchimba shimo refu kwa nia njema, na tunguu linalotaka kutambaa karibu na uso wa ardhi linakosa hewa na kuoza. Acha nafasi ya mita moja hadi moja na nusu kati ya mche na mche. Pwani, wakati mzuri ni mwanzo wa masika. Kichwa cha kwanza kitegemee baada ya mwaka mmoja hivi, si kabla.

Na hapa kuna jambo linalowatia watu huzuni bila sababu. Bua la tangawizi maua huchanua mara moja tu. Likishatoa kichwa kileleni, ncha yake imeisha, haliwezi kuongeza jani wala kutoa kichwa kingine, na taratibu linakauka. Ni yale yale ya mgomba na mkungu wake. Anayelihurumia bua kuukuu na kuliacha limesimama anayabania nafasi na mwanga machipukizi yanayolirithi. Likate mpaka chini kabisa.

Ila usikate hivyo kabla hujajua uliyo nayo ni ipi. Kuna ndugu yake, Etlingera elatior, mwenye asili ya Indonesia na Malaysia, ambaye ua lake linafanana na mwenge wa waridi au mwekundu. Wapishi wa Malaysia hukatakata machipukizi ya maua yake mabichi kwenye laksa, supu yao ya tambi, nao huyaita bunga kantan. Huyu mabua yake ya majani hufika mita tano, lakini hayachanui kamwe kileleni. Ua linatoka ardhini peke yake, kwenye kikonyo kisicho na majani, pembeni. Mabua ya majani ndiyo jiko linalolipikia. Nimeona kichaka kizuri kimefyekwa majani yote "ili kitoe maua," na kilikaa zaidi ya mwaka bila kutoa hata moja. Iliki nayo ina tabia hiyohiyo: nenda Amani, Usambara Mashariki, uinamishe kichwa chini ya majani yake, utakuta vishada vya maua na matunda vimetambaa juu ya ardhi, mbali na ncha za mabua. Hata Aframomum, jamaa wa kiafrika wa familia hii wanaoota katika misitu yenye unyevu ya Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, huzaa tunda lao jekundu palepale chini, karibu na udongo.

Tufike kwenye kichwa chekundu. Amka asubuhi mapema, shika gamba moja jekundu lililofunguka vizuri, livute kidogo kwa kidole. Ndani yake, limejibana kama mtu aliyejikinga mvua chini ya mwavuli, utakuta kijiua cheupe chenye mrija, urefu wake sentimita mbili au tatu. Hilo ndilo ua. Lina maisha mafupi, na wengi wanaoufuga mmea huu miaka na miaka hawajawahi kuliona. Magamba mekundu ni majani yaliyobadilika rangi na kazi, yaitwayo brakti. Bogenvilia inafanya vivyo hivyo, na vile vifuniko vya zambarau kwenye ua la mgomba ni brakti vilevile: kila kimoja kikinyanyuka, chini yake kuna safu ya maua madogo.

Hii ndiyo sababu tangawizi maua hukaa majuma kadhaa ikiwa nyekundu wakati waridi limeshapukutika. Jani limeumbwa lidumu. Brakti ni kibao cha duka, kinabaki ukutani mchana na usiku, huku bidhaa ndani, yaani vile vijiua vyeupe, zikiingia na kutoka kila siku. Wateja wanaoitwa na rangi hiyo ni ndege wanyonyao mbochi. Bustanini kwangu ni chozi. Wanatua juu ya kichwa chenyewe, wanainama, wanaingiza mdomo uliopinda kwenye gamba moja baada ya jingine, kana kwamba wanahesabu.

Ndani ya kile kijiua cheupe ndimo kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote katika familia hii. Maua ya mababu wa oda nzima yalikuwa na stameni sita, yaani sehemu sita za kiume zenye kutoa chavua. Mgomba bado unazo tano kwa kawaida. Tangawizi na ndugu zake wamebaki na moja tu. Kana wana nusu: upande mmoja wa stameni unatoa chavua, upande wa pili umekuwa kama petali, yaani jani la ua. Zile zilizopotea hazikupotea zote. Katika familia ya tangawizi, mbili kati yake ziliungana zikawa kipande kimoja kipana kinachoitwa labelo, mdomo wa ua. Angalia ua la iliki: ile sehemu nyeupe yenye michirizi ya zambarau, inayovutia jicho kwanza, si petali hata kidogo. Ni stameni mbili zilizoacha kuzaa zikawa pambo. Petali halisi ni vile vipande vyembamba vya nyuma ambavyo hakuna anayevitazama. Kwenye tangawizi maua labelo ni ndogo, kwa kuwa kazi ya kuvutia imeshachukuliwa na brakti.

Ile stameni moja iliyobaki nayo inabeba mzigo wa ajabu. Uzi wa kike, ule unaopokea chavua, ni mwembamba kiasi kwamba hauwezi kusimama wenyewe, kwa hiyo unapita katikati ya vifuko viwili vya chavua na kushikiliwa navyo. Mume na mke wanakaa shavu kwa shavu. Mtu atauliza, si ua litajichavusha lenyewe kila siku? Mwaka 2001 watafiti waliokuwa wakichunguza jamaa wa Alpinia wa Yunnan, kusini mwa China, walieleza wanavyokwepa hilo. Katika spishi hizo kuna mimea ya aina mbili. Aina ya kwanza asubuhi hutoa chavua, na uzi wake wa kike umepinda juu, mbali na mgongo wa mdudu anayeingia. Kufika mchana uzi unashuka, sasa uko tayari kupokea, na chavua imeshachukuliwa. Aina ya pili hufanya kinyume: asubuhi uzi uko chini unapokea, mchana unapanda, ndipo chavua inapofunguliwa. Basi asubuhi chavua ya kundi la kwanza huenda kwa kundi la pili, na alasiri inarudi. Ua linainua na kushusha kiungo chake kwa saa, bila misuli wala neva.

Inapendeza kwamba jina Alpinia linatokana na Prospero Alpini, tabibu wa Italia aliyezaliwa 1553. Aliishi Cairo miaka ya 1580, akawaona wakulima wa Misri wakichavusha mitende, na akaandika kwamba mtende jike hauzai bila vumbi la mtende dume.

Kwa mwenye bustani haya yana maana ya moja kwa moja. Mbegu za tangawizi maua ni adimu. Karibu kila mche unaonunua ni kipande cha mche mwingine, na huo ni kipande cha mwingine kabla yake. Ukinunua aina nyekundu kama 'Jungle King', itabaki nyekundu, na ile ya waridi iitwayo 'Eileen McDonald' haitakolea kwa mbolea yoyote. Urithi huu wa vipande hurithisha maradhi pia. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akutolee mche kwenye mfuko uone mizizi. Ikiwa na vinundu vinundu kama shanga, hiyo ni minyoo fundo, na ukiipeleka nyumbani utaihamishia bustani nzima. Tunguu lenye afya ni gumu likibonyezwa, na ukilikwangua kidogo hutoa harufu safi ya viungo.

Kuhusu mahali, fikiria msitu wa kisiwani: joto, mvua nyingi, udongo uliojaa majani yaliyooza, na mwanga unaochujwa na miti mirefu. Chini ya minazi panafaa sana. Jua la asubuhi na kivuli cha alasiri ndicho kipimo changu. Kivuli kizito kinatoa majani marefu mazuri na vichwa vichache, na jua kali bila maji ya kutosha linaunguza kingo. Kaskazi inapokausha, mwezi wa Januari na Februari, mwagilia udongo usikauke kabisa, na utandaze majani makavu au makumbi yaliyosagika. Kusi nayo huyachana majani kama ya mgomba na kuleta chumvi kwa walio ufuoni, kwa hiyo panda nyuma ya ukuta au ua wa miti. Walioko Nairobi, Lushoto au Arusha wataipata, ila kwa mwendo wa polepole, kwani baridi ya kukaribia nyuzi 10 huisimamisha.

Shida kubwa ya pwani ni chokaa. Udongo wa mawe ya matumbawe, kama ule wa mashariki ya Unguja na sehemu nyingi za ufuo, huifungia mimea madini ya chuma. Utajua kwa majani machanga: yanatoka ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ukiona majani ya chini, yale makuukuu, ndiyo yanayogeuka njano yote kwa pamoja, hiyo mara nyingi ni njaa ya naitrojeni, na samadi iliyoiva itatibu. Njano ya majani machanga samadi peke yake haiitibu upesi. Inua tuta, lijaze mboji nyingi, na ukome kabisa kumwaga majivu ya jikoni hapo. Majivu hufanya kazi ileile ya chokaa, na nimeona akina mama wenye mikono mizuri ya bustani wakiyarundika shinani mwa tangawizi yao kwa mapenzi huku mmea ukizidi kupauka.

Wadudu ni wachache. Wanaosumbua ni wale weupe wenye unga kama pamba wanaojificha kwenye makutano ya brakti, na sisimizi huwalinda kwa ajili ya utamu wanaoutoa. Ukiona foleni ya sisimizi ikipanda kichwani, tazama ndani ya magamba. Maji yenye sabuni kidogo, kwa kukizamisha kichwa chote, huwaondoa.

Tunguu la tangawizi maua si la chai. Galanga ya mapishi ya Thailand na Indonesia ni Alpinia nyingine, Alpinia galanga, na tangawizi ya jikoni, kama ile inayolimwa Same, ni Zingiber officinale. Undugu wa familia hauifanyi hii ya maua kuwa kiungo.

Pia usiitupe tunguu ovyo kwenye mabonde yenye vijito, hasa karibu na misitu. Hedychium gardnerianum, jamaa mwenye maua ya rangi ya njano kutoka Himalaya, yumo kwenye orodha ya spishi vamizi 100 mbaya kuliko zote duniani, na alisambazwa na wapenda bustani kama sisi. Usambara imeshaonja hili kwa mti wa Maesopsis ulioletwa kutoka kwingine ukajaa msituni.

Ukitaka maua ya mezani, kata asubuhi, wakati theluthi mbili hivi za brakti zimefunguka, kwa sababu zilizofungwa hazitafunguka sana ndani ya chombo. Kizamishe kichwa chote majini kwa muda, kisha kiweke kwenye chombo kirefu. Usikitie friji. Ua hili ni la joto, na baridi huzipiga brakti weusi.

Lakini kichwa kimoja kiache kizeekee palepale. Baada ya miezi brakti za chini zitaanza kubadilika rangi, na katikati yake utaona ncha ya kijani, kisha majani mawili, kisha mizizi myeupe inaning'inia hewani: mche mzima umeota kwenye kwapa la gamba. Vikishaongezeka kichwa kinalemewa, bua linainama polepole mpaka kinagusa ardhi, na miche inashika hatua moja au mbili kutoka kwa mama yake. Unaweza kuutangulia mwinamo huo. Kata kichwa na kikonyo kifupi, kilaze juu ya mboji yenye unyevu kivulini, usikifunike, na baada ya majuma machache kila mche utakuwa umeshika mahali pake. Ndivyo nilivyopata vichaka vyangu saba, vyote kutoka kwenye kichwa kimoja.